Kabla ya Pulitzer kulikuwa na darasa

Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani ilipotoa amri za kufuta programu za usawa na ujumuishi, mabishano kuhusu sanaa nchini humo yamekuwa ya nani kabebwa na nani kastahili. Februari mwaka huo wajumbe kadhaa wa bodi ya Kennedy Center, jumba kubwa la sanaa mjini Washington, waliondolewa, na Rais Donald Trump akawa mwenyekiti. Mwezi huohuo Mfuko wa Taifa wa Sanaa ulifuta ruzuku maalumu iliyokuwa ikienda kwa miradi midogo katika jamii zisizofikiwa kirahisi, na usiku wa Mei 2 vikundi vingi vikaanza kupokea barua pepe za kuvijulisha kwamba fedha vilizokwisha kuahidiwa zimesitishwa. Wanaoshangilia wanasema sanaa inarudishwa kwenye vipaji. Wanaolalamika wanasema wanawake na watu weusi wanafungiwa mlango. Kila nikisoma maneno ya pande hizo namkumbuka mtu mmoja: Tania León, mtunzi wa muziki wa klasiki aliyezaliwa Havana mwaka 1943, akafundisha Brooklyn, sehemu ya jiji la New York, kwa miaka 34, akapata Tuzo ya Pulitzer ya muziki, moja ya tuzo kubwa za Marekani, mwaka 2021, na mwaka uliofuata akatunukiwa heshima ya hiyohiyo Kennedy Center, pamoja na George Clooney, Gladys Knight, Amy Grant na kundi la U2.

Ni rahisi mno kumgeuza León kuwa kielelezo cha upande wowote unaoutaka. Mpinzani wa programu zile atasema: tazama, mwanamke mwenye asili ya Afrika, mhamiaji, kapewa tuzo akiwa na miaka 78 kwa kazi iliyoagizwa na mradi wa watunzi wanawake watupu, hivyo ni viti maalumu vya muziki. Mtetezi naye atasema: tazama, milango ilipofunguliwa, huyu hapa kaingia. Naona wote wawili wanatazama jukwaa la kupokelea tuzo, na hapo ndipo wanapokosea. León alitokana na nusu karne ya kazi isiyopigwa picha: darasa la balei lenye piano pembeni, matamasha ya mitaani, chuo cha umma cha watoto wa wafanyakazi. Fedha zinazokatwa sasa ndizo zinazofika huko.

Tuanzie mwanzo. Bibi yake ndiye aliyempeleka kujifunza muziki akiwa na miaka minne. Ukoo wao ulikuwa mchanganyiko wa damu ya Afrika, Uhispania, Ufaransa na Uchina, kama zilivyo familia nyingi za Havana, na haukuwa ukoo wa matajiri. Ndoto yake ilikuwa kwenda Paris awe mpiga piano wa kumbi kubwa na kuisaidia familia. Kwa tahadhari alisomea pia uhasibu. Mei 1967 akapanda moja ya ndege zilizokuwa zikiwatoa Wakuba kwenda Miami, na kutoka hapo akaenda New York. Paris hakufika wakati huo. Alifika kwenye jiji ambalo hakuijua lugha yake vizuri, akapata nafasi ya kusoma muziki, akatafuta kibarua.

Kibarua kilichobadilisha kila kitu hakikuwa chake. Rafiki yake aliyekuwa akipiga piano kwenye madarasa ya balei huko Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, aliugua, na León akaenda kumshikia nafasi. Mpiga piano wa darasa la balei hana jukwaa wala makofi. Anakaa pembeni, macho yakiwa kwenye miguu ya wachezaji kuliko kwenye nota. Mwalimu anataja zoezi, anahesabu mpaka nane, na papo hapo lazima uje muziki unaolingana nalo: mzito na wa taratibu wakati magoti yanakunjwa, mwepesi wakati watu wanaruka. Mwalimu akisimamisha katikati ili anyooshe mguu wa mtu, muziki unakatika. Akiruhusu, unaanza tena palepale. Fanya hivyo saa nyingi kwa siku, miaka kadhaa, na utakuwa umejifunza jambo ambalo darasa la nadharia haliwezi kukupa: mdundo unabebwa na mwili, una uzito, na ukiukosea mtu anaanguka. Ukisikiliza kazi zake za baadaye, ambamo midundo miwili au mitatu inapishana bila kugongana, utaitambua ile shule.

Mwalimu aliyemsikia siku hizo alikuwa Arthur Mitchell, mzaliwa wa Harlem na mchezaji mweusi wa kwanza kufikia ngazi ya juu kabisa katika New York City Ballet. Baada ya Martin Luther King kuuawa Aprili 1968, Mitchell aliamua kurudi nyumbani kufundisha. Alianza na watoto wapatao 30 kwenye chumba cha chini cha kanisa, na baada ya miezi michache wakawa 400. Hicho ndicho kilichozaliwa mwaka 1969 kwa jina la Dance Theatre of Harlem, na León, mgeni wa miaka miwili nchini, akawa mkurugenzi wake wa kwanza wa muziki. Mitchell ndiye aliyemsukuma atunge. Mwaka 1971, kundi lilipokwenda kwenye tamasha la Spoleto nchini Italia, ndiye pia aliyemsukuma asimame mbele ya okestra na kuongoza, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Kwa hiyo ile ndoto ya mpiga piano wa Paris iligeuka kuwa kitu kingine kabisa ndani ya miaka minne, na kilichoigeuza ni shule ya watoto wa mtaani iliyohitaji mtu wa muziki.

Kutoka hapo kazi yake inaenda njia ambayo waandishi wa wasifu huipita haraka. Mwaka 1977, Lukas Foss, aliyekuwa akiongoza okestra ya Brooklyn Philharmonic, alimwomba León pamoja na watunzi Julius Eastman na Talib Rasul Hakim waanzishe mfululizo wa matamasha ya kijamii, ili muziki wa watunzi weusi na wa Amerika ya Kilatini uwafikie wakazi wa Brooklyn. Mwaka 1985 akaanza kufundisha Brooklyn College, chuo cha umma ambacho hadi mwaka 1976 hakikuwa kikitoza ada, na akabaki hapo hadi 2019. Katikati, kuanzia 1993, alikuwa mshauri wa muziki mpya wa Kurt Masur, kiongozi wa okestra ya New York Philharmonic. Kutoka kwenye kiti hicho hadi siku okestra hiyo ilipopiga *Stride*, kazi iliyompa Pulitzer, imepita zaidi ya miaka 25. Anayesema León alibebwa aeleze ni mbebaji gani huyo anayekwenda mwendo huo.

Kuna tukio moja la mwaka 1979 ambalo naona lina uzito kuliko tuzo zake zote. León alirudi Cuba kwa mara ya kwanza tangu aondoke, akamsikilizisha baba yake kanda za muziki wake. Ulikuwa muziki wa kisasa wa New York, wenye ufundi, wa aina ambayo vyuo viliutukuza enzi hizo. Baba akasikiliza, kisha akamuuliza yeye mwenyewe yuko wapi ndani ya muziki ule. Haukupita muda mrefu baba akafariki. Vipande vinne vya cello alivyovimaliza miaka michache baadaye vina sehemu ya maombolezo ya baba huyo, na ndani yake mdundo wa Cuba unaanza kuonekana waziwazi. Tangu hapo haukuondoka. Naliweka tukio hili hapa kwa sababu linajibu swali ambalo wabishani wa leo wanalikosea: utambulisho wa León katika muziki haukutokana na fomu ya kuombea ruzuku yenye kisanduku cha kutiki rangi. Ulitokana na swali la mzazi kwa mwanawe.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kazi yake iliyo karibu nasi zaidi ni opera ya *Scourge of Hyacinths*, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1994 kwenye tamasha la Munich Biennale, Ujerumani, na kupata tuzo ya utunzi bora wa tamasha hilo. Msingi wake ni mchezo wa redio wa Wole Soyinka. Mfungwa wa siasa chini ya utawala wa kijeshi anataka kutoroka kwa njia ya maji, lakini ziwa limefunikwa na gugumaji, na mashua haipiti. Mama yake anamwomba Yemanja, mungu wa maji wa Wayoruba ambaye Wakuba nao wanamwomba mpaka leo, maana alivuka Atlantiki ndani ya vifua vya watumwa. León aliandika maneno ya opera hiyo mwenyewe. Sasa kumbuka miaka hiyohiyo ya tisini gugumaji lilikuwa likiziba Ziwa Victoria: ghuba ya Kisumu imekuwa kama shamba, mitumbwi imekwama ufukweni, wavuvi wanakata njia kwa panga. Mvuvi wa Ziwa Victoria asiyejua opera ni nini angeielewa hadithi ile kwa dakika moja. León aliona katika lile ua zuri la zambarau linaloua ziwa kile alichokuwa akikijua kuhusu nchi zenye watu wenye bunduki madarakani.

Nirudi kwenye hoja ya viti maalumu, kwa sababu haifai kuipuuza. New York Philharmonic iliagiza kazi kwa watunzi wanawake 19, León akiwa mmoja wao, kuadhimisha miaka 100 ya marekebisho ya 19 ya katiba, yale ya mwaka 1920 yaliyowapa wanawake wa Marekani haki ya kupiga kura. Ni kweli kwamba mwanamume hakuweza kuingia kwenye orodha ile. Kijana wa kiume asiye na jina wala mfadhili, anayetunga usiku baada ya kazi, ana haki ya kuuliza kosa lake ni nini, na jibu la kwamba babu zake walipendelewa halimlipii kodi ya nyumba. Hoja hiyo naikubali kwa kiasi chake. Lakini inadhania kwamba bila mradi ule kungekuwa na mlango ulio wazi kwa wote, na mlango huo haujawahi kuwapo. Okestra haitangazi nafasi ya utunzi gazetini na kusahihisha mitihani. Inaagiza kazi kwa watu inaowajua, au wanaojulikana na kiongozi wake, au waliopendekezwa na mchapishaji mwenye jina. Philharmonic ilianzishwa mwaka 1842; kwa vizazi kadhaa orodha yake ya watunzi ilikuwa ya jinsia moja bila mtu kuiita viti maalumu. Tena Pulitzer haitolewi na Philharmonic wala haikutengwa kwa wanawake mwaka ule. Tuzo hiyo ya muziki ilianza mwaka 1943, mwaka uleule aliozaliwa León. Mwanamke wa kwanza kuipata, Ellen Taaffe Zwilich, aliipata mwaka 1983, na mtunzi mweusi wa kwanza, George Walker, mwaka 1996. Kama kuna waliobebwa katika historia hiyo, tuwahesabu wote.

Na kazi yenyewe ipo, isikilizwe. *Stride* ina dakika 15 hivi. Ilipigwa mara ya kwanza Februari 13, 2020, wiki chache kabla kumbi hazijafungwa kwa sababu ya Uviko. Tarumbeta na wenzake wa shaba wanaingia kwa vishindo vifupi, kama mtu anayekanyaga ngazi akijua anakokwenda, midundo ya Karibi inapita chini kwa chini, na mwishoni kengele zinalia. Nilipozisikia kengele hizo kwa mara ya kwanza nilidhani ni sherehe tupu. Baadaye nikakumbuka kwamba wanawake wengi weusi wa majimbo ya kusini, pamoja na ile haki ya 1920, walisubiri mpaka sheria ya mwaka 1965 ndipo wakaweza kupiga kura kweli. Sasa kengele zile nazisikia kwa namna nyingine.

Hoja nyingine inayonisumbua zaidi inatoka kwa watu wanaompenda. Wanasema ualimu ulimla. Mtu aliyetunga opera akiwa na miaka 50 hivi, ambaye katika miaka yake ya nguvu alikuwa akifundisha, akiongoza okestra, akiandaa matamasha ya watunzi wengine na mwaka 2010 akaanzisha Composers Now ili watunzi walio hai wasikike, angeandika mangapi kama angeachwa na karatasi zake? Kuna ukweli hapo. Saa ya mwanafunzi haiwezi kuwa saa ya nota zako. Hata hivyo hoja hiyo inachukulia utunzi kuwa kazi ya mtu aliyejifungia chumbani, na mimi sikukulia kwenye utunzi wa namna hiyo. Katika kwaya niliyoimba nikiwa kijana, mwalimu alikuwa ndiye mtunzi. Aliandika solfa ubaoni kwa chaki, tukaimba, na pale besi walipokwama alifuta mstari kwa kiganja na kuandika mwingine papo hapo, tukaimba tena. Wimbo uliotoka ulikuwa wake na wetu, na ulikuwa bora kuliko ule aliokuja nao. León alianza hivyohivyo, akitunga kwa kutazama miguu ya wanafunzi wa Harlem. Kumwondolea darasa ni kumwondolea chemchemi. Tunachoweza kudai kwa haki ni kwamba vyuo viwape walimu watunzi nafasi ya kupumua, na hilo ni dai la bajeti.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba muziki wa klasiki ni nyumba ya Ulaya, na mtu kama León ni mgeni aliyekaribishwa kwa hisani. Anayesema hivyo hajaisoma historia ya nyumba anayoilinda. Joseph Bologne, maarufu kama Chevalier de Saint-Georges, mtoto wa mama mtumwa wa Guadeloupe, alikuwa akiongoza moja ya okestra bora za Paris katika karne ya 18, na chini ya mkono wake zilipigwa simfoni ambazo Haydn, mtunzi mashuhuri wa Austria, aliziandika kwa ajili ya jiji hilo. Huko Havana, mwaka 1930, miaka 13 kabla León hajazaliwa, mtunzi Amadeo Roldán aliandika *Rítmicas*, mfululizo wa kazi fupi, na mbili kati ya hizo ni za ngoma na ala za kugonga peke yake, miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za aina hiyo katika muziki huu. León alikulia katika jiji ambalo tayari lilikuwa limeingiza ngoma ndani ya okestra. Alirithi, kama Mjerumani anavyomrithi Bach.

Upande wa pili nao una kosa lake, na sitaki kulifunika kwa sababu tu nauonea huruma. León amesema mara nyingi kwamba hapendi kuitwa mtunzi mweusi, wala mtunzi mwanamke, wala mtunzi wa Kilatini. Anataka kuitwa mtunzi. Watetezi wake wengi wanalisikia hilo, wanatikisa kichwa kwa heshima, kisha wanaendelea kumpanga kwenye tamasha la mwezi wa historia ya watu weusi na kumsahau miezi mingine 11. Okestra inayopiga kazi yake mara moja Februari na kuweka tiki imefanya kile ambacho wapinzani wanaituhumu: imemtumia kama nembo. Lakini kuna tofauti kati ya kumpa mtu jina la kundi na kupeleka piano mahali ambapo kundi hilo linaishi. La kwanza analikataa. La pili amelifanya maisha yake yote, Harlem, Brooklyn na kwingineko, na hakuna mgongano kati ya mambo hayo mawili.

Ndiyo maana naona maamuzi ya 2025 yamesomwa vibaya hata na wanaoyapinga. Bajeti nzima ya Mfuko wa Taifa wa Sanaa ni kama dola milioni 207 kwa mwaka, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 330. Hata senti 65 kwa kila mtu haifiki. New York Philharmonic haitafungwa kwa kukosa sehemu yake ya fungu hilo. Ina wafadhili, ina ukumbi, ina jina. Washindi wa Pulitzer pia wataendelea kutangazwa kila mwaka, na baadhi watakuwa wanawake na watu weusi, na watu watasema: mnaona, hakuna kilichoharibika. Pigo linatua kwa kikundi chenye waajiriwa watatu, chenye barua ya ruzuku ya dola elfu kumi ambayo mkurugenzi wake aliionyesha benki na kwa wahisani wengine kama ushahidi kwamba kazi yao ni ya kuaminika. Fedha hizo ndizo zinazolipa mpiga piano wa darasa la Jumamosi. Zikikatika, hakuna gazeti litakaloandika, kwa sababu mtu ambaye angekuja siku moja kumshikia nafasi mpiga piano aliyeugua hajulikani bado. Huenda ameingia Marekani juzi tu, anatafuta kibarua.

Matokeo ya ukataji huu yatachukua muda mrefu kuonekana. León alifika New York akiwa na miaka 24 na Pulitzer ikamkuta na 78. Kwa kipimo hicho, tutakachovuna kutokana na uamuzi wa mwaka 2025 kitaonekana karibu na 2080. Kwa hiyo orodha ijayo ya ruzuku itakapotoka sitaanza kwa kutafuta majina ya okestra kubwa. Nitaanza na shule za balei, kwaya za watoto na matamasha ya bure ya mitaa ambayo sijawahi kuisikia, nihesabu ngapi zimebaki.